Huku Kunatokea? Namna ya Kupima Muunganiko wa Njia za Mtaa Wako Mji Unapotanuka

Dereva wa bodaboda anayeingia katika mtaa asioujua huko Goba, Kinyerezi au Chanika huuliza swali moja kabla ya kukata kona: “Huku kunatokea?” Swali hilo fupi ndilo kiini cha mambo mengi yanayoamua kama mji unakalika. Njia zikitokea, mtoto hufika shuleni kwa dakika kumi, gari la wagonjwa hufika kabla hali haijawa mbaya, na daladala hupata barabara ya kupita karibu na nyumba za watu. Zisipotokea, kila safari hurudi nyuma hadi barabara kuu ileile, pamoja na safari za majirani wote.

Mwongozo huu unaeleza jinsi mkazi, mjumbe wa kamati ya urasimishaji (upimaji na utambuzi rasmi wa makazi yaliyojengwa bila mpango) au mwanafunzi wa mipangomiji anavyoweza kujibu swali hilo kwa hesabu, na pia kuona jinsi jibu lilivyobadilika kadiri mji ulivyokua. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa na ramani yake huria imechorwa kwa kina, lakini njia ni ileile kwa Mwanza au Mombasa. Unahitaji kompyuta ya kawaida yenye intaneti, simu, tepu ya kupimia, karatasi, na siku mbili tatu za kutembea.

Tofautisha kwanza mambo mawili

Watu wengi huchanganya kutawanyika kwa mji na kukatika kwa njia zake. Kutawanyika ni suala la ardhi: je, mji unameza ardhi kwa kasi kuliko watu wanavyoongezeka? Muunganiko ni suala la njia: je, ukiwa hapa unaweza kufika pale bila kuzunguka? Kitongoji chenye viwanja vikubwa na nyumba chache kinaweza kuwa kimetawanyika huku njia zake zote zikitokea, na mtaa uliosongamana unaweza kuwa na njia zinazoishia ukutani. Pima kila kimoja peke yake, kwa maana tiba zake hazifanani.

Usichanganye pia kupinda na kukatika. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro vyembamba vyenye kona zisizohesabika, na mgeni hupotea humo kwa urahisi, lakini mwenyeji akizibiwa njia moja huwa na nyingine ya kupitia. Kona nyingi hazina ubaya kwa mtembea kwa miguu. Ubaya ni njia inayokufa.

Soma jinsi njia zilivyozaliwa

Kabla ya kuhesabu chochote, fungua picha za setilaiti na ulinganishe sehemu tatu za Dar es Salaam kwa ukubwa uleule. Anza na Kariakoo. Viwanja vyake vilipangwa chini ya utawala wa Kijerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichopiga kambi hapo baadaye. Mitaa kama Sikukuu, Swahili, Narung’ombe na Mchikichi imekatana kama nyuzi za mkeka, na kila kona inakupa njia tatu za kuendelea. Mpango ule ulikuwa na dhamira ya kuwatenga watu kwa rangi zao, na hilo halistahili sifa yoyote. Lakini mistari iliyochorwa kabla ya nyumba ndiyo inayobeba soko kubwa la leo.

Kisha nenda Sinza na Kijitonyama. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja huko na kupeleka barabara na maji kwanza, kisha wananchi wakajijengea nyumba wenyewe kwa uwezo wao. Manzese, katika mradi huohuo, ilipewa huduma baada ya nyumba kuwa zimekwisha kujengwa. Watafiti waliolinganisha maeneo ya aina hizi mbili miongo kadhaa baadaye walikuta kuwa yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa zaidi, zenye ubora zaidi na zilizopangika zaidi.

Sehemu ya tatu ni pembezoni, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mji wa kesho unapoamuliwa. Chukua shamba la mikorosho la ekari tatu. Mwenye shamba huuza kwanza vipande vilivyo karibu na barabara, mbele ya mjumbe na mashahidi, kisha huacha kipito cha upana wa gari moja ili mnunuzi wa nyuma apate pa kupita. Jirani yake wa upande wa pili wa mpaka hufanya vivyo hivyo, naye kipito chake huanzia barabara nyingine. Vipito hivyo viwili huishia mgongo kwa mgongo, vikitenganishwa na uzio wa michongoma. Kwa miaka michache watu hupenya kwenye uzio huo na hakuna anayeona tatizo. Halafu nyumba ya kwanza inasimama, ukuta wa matofali unafuata, na mahali palipokuwa na mwanya wa hatua mbili panageuka kuwa safari ya nusu kilomita. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Kila muuzaji aliacha njia iliyotosha kwa wanunuzi wake, ila hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kuacha njia kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado. Mtandao unaozaliwa hivyo hufanana na mti: shina ni barabara ya lami, matawi ni barabara za vumbi, na kila kijitawi hukoma peke yake.

Dunia nzima inalo jambo hili kwa sura tofauti. Nchini Marekani, utafiti uliofuatilia barabara za karne moja ulionyesha kwamba ujenzi wa mitaa isiyotokea ulifikia kilele chake kama mwaka 1994, kisha ukaanza kupungua. Huko ilikuwa kazi ya makampuni ya nyumba yaliyochora mitaa yenye mwisho mmoja kwa makusudi, ili pasiwe na magari ya wapita njia. Kwetu ni kazi ya mauzo madogo madogo. Kwenye karatasi, michoro hiyo miwili inafanana sana.

Chora eneo na uhesabu

Chagua mraba wa kilomita moja kwa kilomita moja. Fungua OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea mtandaoni, au pakua data zake kwa programu ya bure ya QGIS. Kata nyingi za Dar es Salaam zilichorwa kwa kina na mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa, lengo kubwa likiwa kukabiliana na mafuriko. Hata hivyo usiiamini ramani kabla ya kuitembelea. Ichapishe, itembee, na urekebishe kwa kalamu: hapa pamewekwa geti, hapa pamejengwa, hapa kuna kipito ambacho mchoraji hakukiona.

Kisha hesabu vitu vitatu: makutano ya njia tatu, makutano ya njia nne au zaidi, na ncha, yaani mahali njia inapokoma. Barabara inayotoka nje ya mraba wako usiihesabu kuwa ncha, kwa sababu inaendelea. Fuatilia kwa macho inakoishia.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mtaa una makutano 62 ya njia tatu, 9 ya njia nne, na ncha 48. Jumla ya vituo, yaani makutano na ncha zote, ni 119. Ili kupata idadi ya vipande vya njia, yaani njia kati ya kituo kimoja na kinachofuata, zidisha kila aina ya kituo kwa idadi ya njia zinazokutana hapo, jumlisha, kisha gawa kwa mbili, kwa kuwa kila kipande kina miisho miwili: 186 na 36 na 48 ni 270, na nusu yake ni 135. Gawanya vipande kwa vituo: 135 kwa 119 ni takribani 1.13.

Tarakimu hiyo ina maana iliyo wazi. Mti mtupu usio na njia hata moja ya kuzunguka daima huwa na vipande pungufu kwa kimoja kuliko vituo, kwa hiyo uwiano wake hauwezi kufika 1. Mitaa iliyokatana kama Kariakoo hukaribia 2. Wapangaji miji wengi huona 1.4 kuwa kiwango kizuri cha kulenga. Mtaa wetu wa mfano, wenye 1.13, ni mti uliounganishwa kidogo tu, na ncha zake ni asilimia 40 ya vituo vyote.

Ipo hesabu nyingine ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mtu yeyote mkutanoni huielewa: toa vituo kutoka vipande, ongeza moja, nawe utapata kwa makadirio idadi ya mizunguko, yaani mahali ambapo mtu ana njia mbadala. Hapa ni 135 kutoa 119, ongeza 1, sawa na 17. Mizunguko 17 tu kwa mtaa mzima ina maana kwamba shimo moja la maji au gari moja lililokwama linaweza kufungia njia kaya nyingi.

Linganisha pia na ushauri wa UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Nairobi, ambalo hupendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe ya barabara, na angalau kilomita 18 za barabara kwa kila kilomita ya mraba. Usikate tamaa mtaa wako ukiwa mbali na viwango hivyo. Vinakufaa kama dira, hasa pale ambapo ardhi bado haijagawanywa.

Anayejua kuandika programu kwa Python anaweza kutumia OSMnx, zana ya bure iliyotengenezwa na Geoff Boeing, ambayo hufanya hesabu hizi kwa mji mzima kwa dakika chache. Nashauri uanze kwa mkono hata hivyo. Barabara yenye njia mbili zilizotenganishwa, kama Barabara ya Morogoro, huonekana kwenye data kama barabara mbili na kuzalisha makutano bandia, na njia mbili zilizochorwa bila kuunganishwa huonekana zimekatika ilhali watu wanapita. Aliyekwisha kuhesabu mtaa mmoja kwa kalamu hutambua makosa hayo mara moja.

Tengeneza ramani mbili

Hapa ndipo vipimo vinavyotungwa kwa ajili ya miji ya Ulaya na Marekani vinapotudanganya. Katika mitaa yetu isiyopimwa, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa makazi ya takribani asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam, mtu wa miguu anaweza kupenya karibu kila mahali kupitia vichochoro, huku gari likikwama kwenye kona ya kwanza. Ukihesabu vichochoro pamoja na barabara, mtaa utaonekana umeunganika vizuri. Ukiviacha, utaonekana umekufa. Majibu yote mawili ni ya kweli, kila moja kwa mtu wake.

Kwa hiyo tembea na tepu, uandike upana wa kila njia mahali pembamba kuliko pote, kisha uchore ramani mbili. Ya kwanza ni ya miguu na bodaboda. Ya pili ni ya magari makubwa ya huduma: zimamoto, taka na la kunyonya majitaka. Mimi hutumia mita 4 kama mpaka wa kazi, na chochote kilicho chini ya hapo hukifuta kwenye ramani ya pili. Tofauti kati ya ramani hizo ndiyo habari muhimu kuliko zote. Nyumba inayofikika kwa miguu lakini haifikiki kwa gari la kunyonya choo italipa zaidi kwa kazi hiyo, au itamwaga uchafu mvua zinaponyesha, na jirani aliye bondeni ndiye ataupokea.

Malizia kwa kupima jinsi safari zinavyorefushwa na kuzunguka. Chagua jozi kama ishirini za mahali pa kweli, mathalani nyumba na shule, nyumba na kituo cha daladala, nyumba na kisima. Kwa kila jozi pima umbali wa mstari ulionyooka kwenye ramani, kisha umbali wa kutembea, na ugawe wa pili kwa wa kwanza. Katika mitaa iliyokatana kwa mraba, jibu haliwezi kuzidi sana 1.4, hata ukienda mshazari kabisa. Ukipata 2 au 3, umekwisha kupata mahali pa kuunganisha. Wakazi wa Kigamboni wanalijua jambo hili vyema: kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, gari lisilotaka foleni ya kivuko lilipaswa kuzunguka hadi Kongowe na kurudi kupitia Mbagala, ilhali Posta, katikati ya mji, ilikuwa inaonekana kwa macho ng’ambo ya maji.

Pima jinsi mji unavyomeza ardhi

Sasa rudi kwenye suala la kutawanyika. Umoja wa Mataifa una kipimo kinacholinganisha kasi ya kutumia ardhi na kasi ya kuongezeka kwa watu. Kwa ardhi, chukua ongezeko la eneo lililojengwa, ligawe kwa eneo la mwanzo, kisha kwa idadi ya miaka. Kwa watu, tafuta logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya idadi mpya ikigawanywa kwa idadi ya zamani, kisha gawa kwa miaka. Tuseme katika miaka 10 eneo lililojengwa katika kata limetoka kilomita za mraba 8 hadi 14, na watu wametoka 40,000 hadi 60,000. Ardhi imekua kwa asilimia 7.5 kwa mwaka, watu kwa asilimia 4.05, na uwiano ni kama 1.85. Ukizidi 1, mji unatanuka kuliko unavyojaa. Eneo lililojengwa kwa kila mtu nalo limetoka mita za mraba 200 hadi 233.

Maeneo yaliyojengwa unaweza kuyapima kutoka picha za setilaiti za Landsat, ambazo zinaanzia mwaka 1972 na hutolewa bure, au kutoka takwimu za makazi za Tume ya Ulaya zinazoanzia mwaka 1975. Idadi ya watu iko kwenye sensa. Angalia tu kwamba kata hugawanywa na mipaka kuhamishwa kati ya sensa moja na nyingine.

Mipaka ndiyo mtego mkubwa wa hesabu hii, hata katika ngazi ya mkoa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, yaani ukuaji wa takribani asilimia 2.1 kwa mwaka, ilhali muongo uliotangulia ulikuwa kama asilimia 5.6. Mtu angesema mji umetulia. Lakini tazama mkoa wa Pwani unaouzunguka: ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo, takribani asilimia 6.1 kwa mwaka. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mji uleule ulioruka mpaka wa mkoa kuelekea Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Anayepima Dar es Salaam kwa mpaka wa kiutawala anapima nusu ya habari.

Rudi nyuma kwa miaka

Ili kuona mabadiliko, fungua picha za zamani za eneo lako katika Google Earth, uzirudishe nyuma hatua kwa hatua, na kila njia uipe rangi ya kipindi ilipoonekana mara ya kwanza. Kisha rudia hesabu ya ncha na makutano kwa kila kipindi. Usilinganishe toleo la zamani la OpenStreetMap na la leo ukidhani unaona ujenzi: njia nyingi zilikuwepo tangu zamani, ila hazikuwa zimechorwa. Unachokiona hapo ni kazi ya wachoraji.

Katika picha hizo tafuta hasa muda uliopita kati ya kipito kuonekana na nyumba ya kwanza kusimama, kisha kati ya nyumba na ukuta. Miaka hiyo michache ndiyo muda uliopo wa kuunganisha kwa gharama ndogo. Wapangaji wa mji wa New York walichora mitaa ya Manhattan mwaka 1811 wakati sehemu kubwa ya kisiwa ikiwa bado mashamba. Huko Bunju au Chanika vipo vipande ambavyo leo bado viko katika hali hiyo.

Peleka hesabu mkutanoni

Kwenye ramani ya magari, tia alama kila mahali ambapo ncha mbili zinakaribiana: kiwanja kisichojengwa, mpaka kati ya viwanja viwili, mtaro unaohitaji kivuko kidogo. Rudi kwenye mfano wetu. Ukiunganisha jozi 10 tu za ncha, vituo vinapungua hadi 99, vipande vinakuwa 125, uwiano unapanda kutoka 1.13 hadi 1.26, ncha zinashuka kutoka 48 hadi 28, na mizunguko inatoka 17 hadi 27. Kila muungano mmoja unaongeza njia mbadala moja, na hilo ndilo la kumwambia mwenye kiwanja.

Kama mtaa wenu uko katika urasimishaji, wasilisha ramani hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mipangomiji kabla mchoro haujaidhinishwa na kabla mawe ya mipaka hayajapandwa, kwani baada ya hapo kila badiliko lina gharama. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao wahusishwe mapema, ili kipande kinachotolewa kisije kikaachwa bila mtu wa kukitunza. Na jambo moja nalisisitiza kwa moyo wangu wote: mzigo usimwangukie mtu mmoja. Anayekatwa mita tatu ili mtaa mzima upite anastahili kufidiwa na wanaonufaika, kwa fedha, kwa kipande cha ardhi upande mwingine, au kwa kujengewa ukuta mpya. Nimeona mikutano ikivunjika pale ambapo haki hiyo ilisahauliwa, na ukuta uliojengwa kwa hasira baada ya mkutano kama huo huwa mgumu kuubomoa.

Hatimaye tengeneza ramani ya tatu, ya masika. Mvua zikinyesha, tembea mtaa uleule na ufute kila njia iliyofunikwa na maji au kukatwa na korongo, kisha urudie hesabu zote. Daraja la Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro limefungwa mara nyingi kwa mafuriko ya Mto Msimbazi, na mabasi ya mwendokasi husimama mji ukiwa umegawanyika vipande viwili; katika mtaa wako kuna Jangwani ndogo ambayo haijulikani nje ya hapo. Itafute kwa kuuliza wakazi wa bondeni ni njia ipi hufungwa ya kwanza na kwa siku ngapi. Muungano unaorudisha njia mbadala kwenye ramani ya masika ndio upewe nafasi ya kwanza katika orodha unayoipeleka mkutanoni, hata kama katika ramani ya kiangazi unaonekana mdogo.